Usomaji wa kina vyuoni ni msingi mwema wa kazi ya kuchanganua data

KILA matokeo ya mtihani wa KCSE yanapotangazwa na wanafunzi kuanza kuchagua kozi za vyuo vikuu, swali moja huzuka katika nyumba nyingi: Je, mtoto anayetaka kusomea fasihi, historia au falsafa atapata kazi gani?

Aghalabu jibu hutolewa kabla mwana mwenyewe hajafungua kinywa. Huambiwa kwamba siku hizi kazi ziko katika kompyuta na takwimu, na kwamba anayekaa chuoni miaka minne akisoma riwaya na mashairi anapoteza wakati wake na karo ya wazazi wake.

Wasiwasi huo una sababu. Benki, hospitali, kampuni za simu, mashirika ya misaada na serikali za kaunti hukusanya data kila siku, na zinahitaji watu wa kuzichanganua ili maamuzi yafanywe. Mzazi aliyeuza ng'ombe kulipa karo ana haki ya kuuliza kuhusu soko la kazi.

Hata hivyo, si kweli kwamba usomaji na data ni njia mbili zisizokutana. Kozi ya usomaji ikifunzwa ipasavyo humpa mwanafunzi stadi ambazo mchanganuzi wa data hawezi kufanya kazi bila kuwa nazo. Zipo stadi nyingine ambazo kozi hiyo haimpi, na ni vyema ajue mapema azitafute wapi.

Kozi za usomaji zinazorejelewa hapa ni zile ambazo kazi kuu ya mwanafunzi ni kusoma matini kwa makini, kuihoji, kuilinganisha na nyingine na kuandika hoja inayotegemea ushahidi. Miongoni mwazo ni fasihi ya Kiswahili na ya Kiingereza, historia, falsafa, isimu na masomo ya dini.

Swali la dondoo

Kila aliyefanya karatasi ya fasihi ya KCSE analikumbuka swali la dondoo. Mtahiniwa hupewa sentensi moja au mbili kutoka kwa riwaya au tamthilia, kisha huambiwa aeleze muktadha wake. Ili apate alama zote, sharti aseme maneno hayo ni ya nani, anaambiwa nani, yalisemewa wapi na kwa sababu gani.

Nambari iliyo katika jedwali ni dondoo vilevile. Imetolewa mahali fulani na mtu fulani, kwa ajili ya msomaji fulani, na kwa kusudi ambalo huenda halijaandikwa popote. Anayeichukua na kuijumlisha bila kuuliza maswali hayo manne anafanana na mtahiniwa anayefasiri kauli ya mhusika bila kujua kwamba mhusika huyo alikuwa akidanganya.

Katika ushairi, mwanafunzi hufunzwa asimchanganye mtunzi na nafsineni, yaani sauti inayozungumza ndani ya shairi. Funzo hilo lina manufaa makubwa katika tafiti za kaya. Mara nyingi mhojaji hukuta mtu mmoja nyumbani, na mtu huyo hujibu kwa niaba ya wote. Mume anapoulizwa mkewe hupata shilingi ngapi kwa mwezi, jibu linaloingia kwenye jedwali huwa chini ya jina la mke, ilhali sauti ni ya mume. Mchanganuzi asiyeitambua nafsineni hiyo ataandika ripoti kuhusu mapato ya wanawake akitumia makadirio ya wanaume.

Arudhi nayo ina somo lake. Mwanagenzi wa ushairi huhesabu mizani na kukagua vina. Akipata mshororo wenye mizani kumi na tano ambapo mingine yote ina kumi na sita, hatauruka wala hatausahihisha papo hapo. Atauliza iwapo mnakili alikosea, iwapo neno lilitamkwa kwa namna nyingine katika lahaja ya mtunzi, au iwapo mtunzi alikiuka arudhi kwa makusudi.

Mchanganuzi naye hukutana na tarakimu iliyojitenga na wenzake. Mkulima mmoja katika kijiji anaonekana amevuna magunia 900 ilhali majirani wamevuna 9 au 10. Huenda karani aliongeza sufuri mbili, huenda kipimo kilichotumika ni kilo wala si magunia, na huenda mtu huyo kweli ana shamba kubwa. Kuifuta tarakimu hiyo bila kuuliza ni kosa, na kuiacha bila kuuliza ni kosa pia.

Sensa kama matini

Mfano ulio karibu nasi ni sensa ya mwaka wa 2009. Matokeo yake yalipotolewa Agosti 2010, yalionyesha kwamba Kenya ilikuwa na watu milioni 38.6. Lakini aliyekuwa waziri wa mipango, Bw Wycliffe Oparanya, alitangaza kufutiliwa mbali kwa matokeo ya wilaya nane za Mandera, Wajir, Lagdera na Turkana.

Sababu zilizotolewa zilikuwa za kitakwimu. Idadi ya watu ilikuwa imepanda kwa kasi isiyoweza kuelezwa kwa vizazi na vifo, na mpangilio wa umri na jinsia haukuafikiana na ule uliotarajiwa. Wakazi na viongozi wa maeneo hayo walipinga uamuzi huo na suala likafika mahakamani.

Kompyuta inaweza kuonyesha kwamba mstari wa ongezeko umepinda. Haiwezi kueleza kwa nini. Hapo ndipo msomaji anapohitajika, na kazi yake huanza kwa maswali ya dondoo: Nani aliyehesabu? Aliyehesabiwa alidhani hesabu hiyo ingetumiwa kufanyia nini?

Hesabu ya watu nchini hufungamana na mgao wa fedha na mipaka ya maeneobunge, kwa hivyo kila upande una sababu ya kutaka idadi iwe juu. Lakini msomaji mwadilifu hakomi hapo. Atauliza pia iwapo sensa ya 1999, ambayo ndiyo iliyotumiwa kama kipimo, iliwafikia wafugaji wote wanaohamahama. Huenda kosa likawa katika matini ya pili, huenda likawa katika ya kwanza, na huenda likawa katika zote mbili. Aliyezoea kulinganisha nakala mbili za utenzi wa kale, zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu na kunakiliwa kwa mikono tofauti, anajua kwamba nakala kongwe si lazima iwe ndiyo sahihi.

Sensa ya Agosti 2019 ina funzo jingine. Ilihesabu watu 47,564,296, na kwa mara ya kwanza ikawaorodhesha huntha, ambao walipatikana kuwa 1,524. Katika sensa zilizotangulia, watu hao hawakuwa na mahali pao kwenye fomu. Asiyesoma hojaji angedhani kwamba hawakuwepo. Kumbe hawakuulizwa.

Mhakiki wa fasihi amezoea kutafuta ambaye hakupewa sauti katika hadithi, na mchanganuzi hana budi kutafuta ambaye hakupewa kisanduku katika fomu. Anayekosa kuonekana katika jedwali hukosa pia kuonekana katika bajeti.

Maana ya maneno

Data nyingi za Afrika Mashariki huanza kama maneno kabla ya kugeuzwa kuwa tarakimu. Mhojaji huuliza kwa Kiswahili au kwa lugha ya mama, mhojiwa hujibu, kisha jibu huandikwa kwa Kiingereza au kwa nambari. Katika kila hatua maana yaweza kupotea.

Chukua mathalan neno 'chai'. Mwananchi akiulizwa ni kipi kilichomchelewesha katika afisi ya umma, huenda akasema alikosa chai ya kumpa afisa. Programu inayohesabu maneno itaiweka chai hiyo pamoja na vinywaji. Msomaji wa Kiswahili anajua kwamba hapo linazungumziwa suala la hongo.

Neno 'ndugu' lina uzito kama huo. Kwa jamii nyingi, watoto wa baba mkubwa na mdogo ni ndugu. Hojaji inayouliza mtu ana ndugu wangapi bila kufafanua itapata majibu yasiyoweza kulinganishwa.

Hata saa ina mitego. Mama akisema alifika zahanati saa mbili asubuhi na kuhudumiwa saa tano, alisubiri saa tatu. Lakini mama huyo akisema aliondoka nyumbani saa kumi na mbili na karani akaandika 12 kamili, jedwali litaonyesha kwamba aliondoka saa za adhuhuri na kufika kabla hajaondoka. Kompyuta itakataa rekodi hiyo au, vibaya zaidi, itaikubali.

Sisi tunaohariri habari tunakutana na mitego ya aina hii kila jioni. Mwandishi huleta taarifa kwamba kiwango fulani kimepanda kutoka asilimia 20 hadi 30, na kichwa chake kinadai ongezeko la asilimia 10. Kwa kweli kiwango kimepanda kwa pointi 10 za asilimia, na ukikilinganisha na kilipoanzia, kimeongezeka kwa asilimia 50. Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi. Kinachokosekana ni mazoea ya kusimama kwenye neno na kuuliza lina maana gani.

Wasomaji waliotangulia

Uhusiano wa usomaji na kompyuta si jambo la jana. Mnamo 1946 kasisi Mjesuiti wa Italia, Roberto Busa, alitetea tasnifu yake ya uzamifu kuhusu fikra za Thomas Aquinas. Alikuwa amegundua kwamba ili aelewe dhana aliyoichunguza, ilimbidi afuatilie kineno kidogo cha Kilatini, 'in', na akaandika kwa mkono kadi zipatazo 10,000 zenye sentensi zilizokitumia.

Mnamo 1949 alikwenda New York kuomba msaada wa kampuni ya IBM ili mashine zifanye kazi hiyo kwa maandishi yote ya Aquinas, yenye maneno yapatayo milioni 11. Kazi iliendelea kwa takriban miaka 30, na faharasa iliyotokea ilichapishwa katika mabuku 56. Leo Busa huhesabiwa miongoni mwa waasisi wa uchanganuzi wa matini kwa kompyuta, na kilichompeleka huko ni swali la msomaji.

Mfano wa pili unatoka Marekani. Kati ya 1787 na 1788, makala 85 zilichapishwa chini ya jina la bandia Publius kutetea katiba mpya ya nchi hiyo. Waandishi walikuwa Alexander Hamilton, James Madison na John Jay, lakini makala 12 zilizozaniwa kati ya Hamilton na Madison kwa zaidi ya karne moja.

Wanatakwimu wawili, Frederick Mosteller na David Wallace, walilichunguza suala hilo kwa kuhesabu maneno madogo madogo yasiyohusu mada. Kitabu chao cha 1964 kilihitimisha kwamba makala hizo zote yaelekea ziliandikwa na Madison, na kikawa mfano mashuhuri katika elimu ya takwimu.

Jambo lisilosimuliwa sana ni kwamba dokezo muhimu lilitoka kwa mwanahistoria, Douglass Adair. Yeye alikuwa ametambua katika kusoma kwake kwamba pale Hamilton alipoandika 'while', Madison aliandika 'whilst'. Wanatakwimu walileta hesabu na msomaji akaleta kitu cha kuhesabiwa.

Hapa kwetu, mradi wa Ushahidi ulianzishwa mapema 2008 wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Wananchi walituma taarifa za visa walivyoshuhudia, zikawekwa kwenye ramani. Ramani hiyo ilitegemea watu waliosoma kila ujumbe, wakaamua unahusu nini, umetoka wapi na unaaminika kiasi gani. Programu hiyo ilipotumiwa Haiti baada ya tetemeko la ardhi la Januari 2010, ujumbe mwingi ulikuja kwa Kikrioli, na Wahaiti walioishi ng'ambo wakajitolea kuusoma na kuutafsiri ili waokoaji wajue pa kwenda. Kusoma vibaya kungeyagharimu maisha ya watu.

Kazi za aina hii zimeendelea kukua. Mradi wa Kencorpus, uliowahusisha wasomi wa vyuo vikuu vya Maseno, Nairobi na Africa Nazarene, ulikusanya matini na sauti za Kiswahili, Kidholuo na Kiluhya ili zitumiwe na wataalamu wa kompyuta. Kutokana na matini za Kiswahili za mradi huo, yalitungwa maswali na majibu zaidi ya 7,000 ya kupimia uwezo wa mashine kuelewa lugha. Kutunga swali la ufahamu lenye jibu moja lisilo na utata ni kazi anayoijua vizuri mwalimu yeyote wa Kiswahili.

Yanayokosekana

Hayo yote hayamaanishi kwamba shahada ya fasihi peke yake humfanya mtu mchanganuzi wa data. Kumwambia mwanafunzi hivyo ni kumpoteza.

Kwanza, anahitaji msingi wa takwimu: namna sampuli inavyochaguliwa, tofauti ya wastani na thamani ya katikati, na kwa nini mambo mawili kutokea pamoja si ithibati kwamba moja limesababisha lingine. Vyuo vingi vina kozi ya mwanzo ya takwimu ambayo mwanafunzi wa sanaa anaweza kuiomba.

Pili, anahitaji zana. Aanze na majedwali ya kompyuta kama yale ya Excel hadi ayamudu, kisha ajifunze SQL, ambayo ni lugha ya kuulizia hifadhidata, na hatimaye R au Python. Programu hizi mbili za mwisho hupatikana bila malipo. Sharti ajue pia Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kwa maana kila safu katika jedwali la watu ni maisha ya mtu.

Tatu, anahitaji kazi ya kuonyesha. Mwajiri hatashawishika kwa kuambiwa kwamba fasihi hunoa akili. Atashawishika akiona ripoti.

Ripoti hiyo yaweza kutokana na kozi yenyewe ya usomaji. Mathalan, mwanafunzi anaweza kuchukua kumbukumbu za mijadala ya Bunge, ambazo ziko wazi kwa umma, na kufuatilia neno 'maji' katika hotuba za Kiswahili kwa miaka kadhaa. Ahesabu limetajwa mara ngapi na na wabunge wa maeneo gani. Kisha asome kila sentensi, aondoe zile za 'maji yamezidi unga' ambazo hazihusu mabomba wala visima, na aeleze jinsi hesabu ilivyobadilika baada ya kusoma.

Au achukue ripoti ya Utafiti wa Idadi ya Watu na Afya ya 2022, aanze na hojaji iliyoambatishwa kabla ya kuangalia jedwali lolote. Aandike kurasa mbili akieleza ni nani aliyeulizwa, aliulizwa vipi, na ni nini kisichoweza kusemwa kutokana na majibu hayo. Aliyefanya zoezi la ufupisho anajua ugumu wa kusema mengi kwa maneno machache bila kupotosha, nao viongozi wanaosoma ripoti hawana muda wa kurasa mia.

Wahadhiri nao wana wajibu. Ni rahisi kozi ya usomaji kugeuka kuwa kukariri maelezo ya mwalimu na kuyarudisha katika mtihani. Mwanafunzi aliyepitia kozi ya namna hiyo hakusoma matini na hakujifunza kuihoji, na manufaa yaliyotajwa hapa hatayapata. Kozi inayofaa ni ile inayomlazimu kuonyesha ushahidi wa kila dai na kukubali kusahihishwa matini inapompinga.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Kijana anayependa kusoma hana haja ya kuutupa mkeka wake ili akimbilie data. Autandike vizuri, kisha ajifunze hesabu juu yake.

Na mzazi atakapomuuliza atafanya kazi gani, anaweza kujibu kwamba nchi hii ina majedwali mengi yanayoamua ni kijiji kipi kitakachochimbiwa kisima na ni zahanati ipi itakayopelekewa dawa, na kwamba kabla ya majedwali hayo kuaminiwa, lazima awepo mtu wa kuyasoma.